Hitilafu za zana za kufuatilia mifumo zisomwe, zisizibwe mdomo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumzie jambo ambalo ukurasa wa teknolojia wa gazeti lako umekuwa ukiligusa mara kwa mara, na ambalo kwa maoni yangu linapewa majibu mepesi kuliko uzito wake. Msomaji huuliza afanye nini pale zana ya kufuatilia hali ya mfumo, iwe ni top au ps zinazoorodhesha michakato (programu zinazoendeshwa wakati huo), sar inayotoa takwimu za mashine zilizohifadhiwa, df inayopima nafasi ya diski au nyingine ya jamii hiyo, inapogoma kwenye Linux, FreeBSD au mfumo mwingine wa ukoo wa Unix. Majibu anayopewa huzunguka mambo matatu: aiondoe zana na kuisakinisha upya, aiendeshe kwa mamlaka ya root, yaani mtumiaji mkuu wa mfumo, au ayaelekeze malalamiko yake kwenye /dev/null, faili linalotupa kila kinachoandikwa humo, ili yasimsumbue. Nimesimamia seva kwa muda wa kutosha kuyaona madhara ya ushauri huo, na ninaandika kwa sababu wasomaji wako, hasa vijana wanaoanza kazi hii, wanastahili kuelezwa jambo lenyewe kwa ukamilifu.

Zana ya kufuatilia mfumo haipimi chochote kwa mkono wake. Takwimu zote tunazoziona kwenye kioo, yaani idadi ya michakato, memori iliyobaki, mzigo wa prosesa na baiti zilizopita kwenye kadi ya mtandao, huhesabiwa na kerneli, ambayo ndiyo kiini cha mfumo endeshi. Zana huenda kuziomba, kuzipanga na kuzionyesha. Kwa hiyo zana inapotoa ujumbe wa hitilafu, mara nyingi inatuarifu kwamba njia kati yake na kerneli imeziba mahali fulani, au kwamba kilicholetwa na kerneli hakisomeki. Kuisakinisha upya katika hali hiyo ni kubadilisha tarishi ilhali daraja ndilo lililokatika. Swali ambalo fundi angepaswa kuanza nalo ni hili: namba hii hutoka wapi, na hupita wapi hadi kunifikia?

Njia hizo hazifanani katika mifumo yote, na historia inaeleza kwa nini. Unix ilianza mwaka 1969 katika Bell Labs, na kwa miaka mingi programu kama ps ilipata habari zake kwa kufungua memori ya kerneli yenyewe kupitia faili la /dev/kmem, ikitumia orodha ya majina na anwani iliyomo katika faili la kerneli ili kujua jedwali la michakato limekaa wapi. William LeFebvre alipoandika top mwaka 1984 kwa ajili ya BSD, tawi la Unix ambalo FreeBSD imetokana nalo, hiyo ndiyo njia aliyoikuta. Mwaka huohuo Tom Killian alieleza wazo tofauti, lililoingia katika Toleo la Nane la Unix, kwamba kila mchakato uonekane kama faili ndani ya saraka ya /proc. Linux ililichukua wazo hilo na kulipanua sana, hata leo free, inayoonyesha memori, husoma /proc/meminfo, uptime, inayoonyesha wastani wa mzigo, husoma /proc/uptime na /proc/loadavg, na ps hupitia moja baada ya nyingine saraka zenye namba za michakato. FreeBSD iliegemea mlango mwingine uitwao sysctl, na macOS haina /proc kabisa. Ushauri uliomfaa mtu wa mfumo mmoja unaweza usiwe na maana yoyote kwa mtu wa mfumo mwingine, na anayeshauri bila kuuliza ni mfumo gani na ni toleo lipi anabahatisha.

Nianze na hitilafu ambayo nadhani ndiyo inayofundisha kuliko zote, ile inayowapata watumiaji wa mifumo ya BSD baada ya kusasisha. Mtu anaandika ps au top, na badala ya orodha anapata mstari mmoja unaosema kwamba ukubwa wa rekodi ya mchakato haulingani na ulivyotarajiwa; au vmstat, zana ya takwimu za memori na prosesa, inalalamika kwamba kuna majina ndani ya kerneli haiyapati. Kinachotokea ni hiki. Kerneli humpa ps furushi la baiti, na ndani yake kila mchakato una rekodi yenye urefu maalumu. Urefu huo umeandikwa ndani ya ps wakati ilipojengwa. Wasanidi wa kerneli wakiongeza sehemu moja tu kwenye rekodi, urefu hubadilika, na ps ya zamani ikipokea furushi jipya hugundua kwamba vipimo havikubaliani. Ingekuwa programu isiyo na adabu ingeendelea kusoma na kutuonyesha majina yasiyo ya kweli na namba za uongo. Hii ilijengwa na watu makini, kwa hiyo inasimama na kusema kweli.

Chanzo karibu kila mara ni sasisho lililofanyika nusu: kerneli mpya imewekwa na mashine imewashwa upya, lakini programu za kawaida zinazoandamana nayo hazijawekwa. Programu nyingi nyingine zitaendelea kufanya kazi bila tatizo, kwa kuwa kerneli mpya hujitahidi kuzihudumia programu za zamani, na ndiyo maana msimamizi hudhani kila kitu ni salama isipokuwa ps. Kumbe ps ndiyo pekee iliyomweleza ukweli kuhusu mashine yake. Kwenye FreeBSD njia ya kuthibitisha ni rahisi: amri ya freebsd-version ikipewa -k hutaja toleo la kerneli iliyosakinishwa, ikipewa -r hutaja ile inayoendesha mashine wakati huo, na ikipewa -u hutaja toleo la programu za kawaida. Majibu matatu yakitofautiana kimsingi, kazi ni kukamilisha sasisho. Hali hiyohiyo humkuta anayeendesha mazingira yaliyotengwa, yale ambayo watu wa FreeBSD huyaita jela, yenye programu za toleo la zamani juu ya mashine mama iliyokwisha kusasishwa. Kuiondoa ps na kuirudisha ileile ya zamani hakubadilishi chochote, na mtu anaweza kurudia zoezi hilo hadi jioni.

Kwenye Linux namba hupita kama maandishi ndani ya /proc, kwa hiyo mgongano wa urefu wa rekodi si tatizo la kila siku, lakini yapo mengine. La wazi ni kwamba /proc yenyewe haijaambatishwa, yaani haijaunganishwa na mti wa saraka za mfumo, jambo linalotokea sana mtu anapoingia kwa chroot, amri inayoifanya saraka nyingine kuwa mzizi wa mfumo, katika diski ya mashine iliyoharibika ili kuiokoa. Hapo ps humwambia hata amri ya kuandika, nayo ni mount -t proc proc /proc, na bado nimewaona watu wakiuruka ujumbe huo na kwenda kutafuta kifurushi cha kusakinisha. La pili ni maktaba, yaani msimbo unaotumiwa na programu kadhaa kwa pamoja: zana za kundi la procps, ambamo zimo ps, top na free, zilibadilisha jina la maktaba yao kutoka libprocps kwenda libproc2 katika toleo la 4, na programu iliyojengwa kwa jina la zamani hukataa kuanza ikisema faili la maktaba halionekani. Amri ya ldd huonyesha ni maktaba ipi iliyokosekana, na dawa ni kupata programu iliyojengwa kwa ajili ya toleo la mfumo ulio nao. Kuunda kiungo bandia chenye jina la zamani kinachoelekea kwenye maktaba mpya, kama wengine wanavyoshauri, ni kuualika ule uongo ambao ps ya BSD ilikataa kuusema.

Nije kwenye suala la root, ambalo linanikera zaidi. Ni kweli kwamba hitilafu nyingi za zana hizi zinatokana na ruhusa. Lakini mtu aliyekataza alikuwa na sababu, na mara nyingi ameacha mlango mdogo wa halali pembeni. Mfano ni mashine ambayo /proc yake imeambatishwa kwa hiari, yaani chaguo la mpangilio, ya hidepid yenye thamani ya 2, inayoficha michakato ya watumiaji wengine. Mtumiaji wa kawaida ataona michakato yake peke yake, na programu ya ufuatiliaji iliyowekwa chini ya jina lake maalumu itaripoti kwamba seva ina michakato michache mno, au kwamba hifadhidata imekufa ilhali inaendelea kuhudumia watu. Dawa si kuipa programu hiyo mamlaka ya root. Hiari hiyo ina mwenzake uitwao gid, unaotaja kundi la watumiaji watakaoruhusiwa kuona yote, na programu ya ufuatiliaji huwekwa katika kundi hilo. Vivyo hivyo, anayekataliwa na perf, zana ya kupima utendaji, aangalie kwanza thamani ya kernel.perf_event_paranoid, mpangilio unaoamua nani anaruhusiwa kupima, na anayenyimwa kumbukumbu za matukio na journalctl aangalie kama yumo katika kundi la systemd-journal au adm. Programu ya ufuatiliaji huzungumza na mtandao, hupokea maswali kutoka mashine nyingine na huendesha skripti zilizoandikwa na watu mbalimbali; ukiipa root, umempa mamlaka hayohayo yeyote atakayepata tundu ndani yake.

Tena kuna hitilafu zinazofanana na za ruhusa lakini root haisaidii kitu. Zana ya iotop, inayoonyesha ni mchakato upi unaosoma na kuandika sana kwenye diski, hutegemea hesabu ya ucheleweshaji ambayo kerneli ya Linux, tangu toleo la 5.14, huiacha imezimwa. Mtu anaweza kuwa root na bado akaona safu mbili zikiwa tupu. Akiweka kernel.task_delayacct kuwa 1 kupitia sysctl, takwimu zinarudi. Hakuna kilichoharibika, kerneli iliacha kuhesabu kwa sababu hesabu hiyo ina gharama, na zana ikasema wazi kwamba haihesabiwi.

Kuhusu makosa ya terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, sitakaa sana. Top iliyowekwa katika cron, huduma inayoendesha amri kwa ratiba, hulalamika kwamba haioni terminali au haijui aina yake, kwa sababu kweli haina. Kwenye Linux iandikwe top -b -n 1, na kwenye macOS top -l 1. Cron pia huanza na orodha fupi ya saraka za kutafutia amri, kwa hiyo amri inayofanya kazi mkononi hurudisha namba ya matokeo 127, maana yake haikuonekana, na 126 maana yake imeonekana lakini haiendesheki. Andika njia kamili ya amri na tatizo limekwisha.

Ujumbe usipoeleweka, ipo njia ya kumuuliza shahidi mwenyewe. Kwenye Linux amri ya strace, kwenye FreeBSD truss au ktrace, huonyesha kila ombi ambalo zana inalipeleka kwa kerneli na jibu inalopewa. Mtu akiandika strace -f -e trace=openat,read kisha jina la zana, ataona faili la mwisho lililofunguliwa kabla ya zana kukata tamaa, na pembeni yake jibu lenye jina na namba. Tofauti kati ya majibu hayo ndiyo uchunguzi wenyewe. ENOENT, namba 2, maana yake kitu hakipo, kwa hiyo tafuta kama kimeambatishwa au kimebadilishwa jina. EACCES, namba 13, maana yake kipo lakini umezuiwa, kwa hiyo tafuta nani amezuia na kwa nini. ESRCH, namba 3, maana yake mchakato ulioulizwa haupo tena, na hili mara nyingi si la kushughulikiwa hata kidogo: kati ya wakati zana inapoorodhesha michakato na wakati inapoisoma mmoja mmoja, baadhi huwa imekwisha kazi na kuondoka. Msimamizi asiyejua hilo anaweza kupoteza siku nzima akifukuza hitilafu ambayo ni hali ya kawaida ya mashine yenye shughuli. Ningeongeza jambo dogo ambalo limeniokolea muda mwingi: kabla ya kuutafuta ujumbe mtandaoni, endesha zana ikiwa na LC_ALL=C mbele yake, ili ujumbe utoke katika umbo lake la asili, ambalo ndilo wengine waliliandika walipokutana nalo.

Ziko pia hitilafu ambazo zana haina kosa wala njia haijaziba, bali kile kinachopimwa ndicho kinachougua. Hapa naomba uniruhusu nikae kidogo, kwa kuwa hapa ndipo ushauri wa kunyamazisha huleta hasara kubwa. Chukua seva inayotumia saraka kutoka seva nyingine kwa NFS, njia ya kushirikiana mafaili kupitia mtandao. Seva ile ya pili ikipotea kwenye mtandao, df itakapofika kwenye saraka hiyo itasubiri. Kwa namna saraka hizo zinavyoambatishwa kwa kawaida kwenye Linux, kusubiri huko hakuna mwisho. Kwenye safu ya hali, ps itaionyesha df kwa herufi D, yaani imelala usingizi usiokatizwa, na amri ya kuua kwa nguvu huenda isifue dafu. Sasa fikiria kwamba df hiyo imo ndani ya skripti inayoanzishwa kila dakika. Ya kwanza inakwama, ya pili inakwama, na baada ya saa moja zipo sitini. Kerneli ya Linux, tangu mwaka 1993, huhesabu pia michakato iliyo katika hali ya D inapokokotoa wastani wa mzigo, kwa hiyo uptime itatangaza mzigo wa sitini na zaidi kwenye mashine ambayo prosesa zake zimekaa bure. Msimamizi anaona mzigo mkubwa, anakimbilia kuongeza prosesa, na chanzo cha mzigo ni zana yake mwenyewe ya kupima.

Anayeelewa njia ya namba haanzi na prosesa. Ataandika ps -eo pid,stat,wchan,comm, aone ni michakato ipi iko D na kila mmoja umelala ndani ya sehemu gani ya kerneli. Sehemu hizo zikiwa na majina ya NFS, jibu amekwisha kulipata. Atatumia df -l ili kupima diski za mashine yenyewe pekee, na ataitanguliza amri ya timeout mbele ya kipimo chochote kinachoweza kukwama, akijua kwamba timeout hurudisha 124 muda unapokwisha na kwamba jibu hilo lenyewe ni habari, ingawa nalo halina nguvu juu ya usingizi wa D usiokubali kukatizwa. Wakati mwingine hata ps aux hukwama, jambo linaloogofya wengi. Sababu ni kwamba ili kuonyesha maneno yote ya amri iliyoanzisha mchakato, kerneli lazima iguse memori ya mchakato huo, na mchakato ukiwa umekwama huku memori yake imefungwa, msomaji naye hukwama hapohapo. Orodha fupi inayotaja jina la programu tu haigusi huko, na mara nyingi itapita salama ilhali ile ndefu imeganda.

Katika kundi hilihili yumo df anayesema diski imejaa ilhali du haioni mafaili ya kuijaza. Zote mbili zinasema kweli. Faili lililofutwa huku programu bado imelishikilia hubaki likichukua nafasi hadi programu iliachie, na du, inayojumlisha ukubwa wa mafaili, haiwezi kuliona kwa kuwa halina jina tena. Amri ya lsof +L1 huyataja mafaili ya aina hiyo. Na kama nafasi ipo lakini mfumo unakataa kuandika ukidai imekwisha, df -i itaonyesha kama inodi, rekodi ambazo kila faili huhitaji moja, ndizo zilizoisha, kwa kawaida kwa sababu ya mamilioni ya mafaili madogo yasiyofutwa.

Mifano hiyo inaonyesha kwamba hitilafu inayopiga kelele ni rafiki. Ninayemwogopa ni yule asiyesema. Mwaka 2014 mpangilio wa matokeo ya free kwenye Linux ulibadilika: mstari wa tatu, uliokuwa ukionyesha memori iliyotumika na iliyobaki baada ya kutoa akiba ya muda ya diski, uliondolewa, na mstari wa eneo la kubadilishana la diski, swapu, ukapanda na kuchukua nafasi yake. Skripti nyingi zilikuwa zimeandikwa kuchukua neno la tatu na la nne la mstari wa tatu. Kwa bahati mbaya maneno hayo katika mstari mpya nayo ni kiasi kilichotumika na kilichobaki, ila cha swapu. Hakuna ujumbe wowote uliotoka. Skripti ziliendelea kuleta namba safi, zenye umbo sahihi, zinazohusu kitu kingine kabisa. Kerneli ilikuwa imeanza mwaka huohuo, katika toleo la 3.14, kutangaza MemAvailable ndani ya /proc/meminfo, na anayesoma mstari huo kwa jina lake badala ya nafasi yake hakupatwa na balaa hilo.

Mifano ya ukimya huo ni mingi. Ndani ya kontena, yaani mazingira yaliyotengwa yanayotumia kerneli ya mashine mama, free husoma /proc/meminfo ya mashine nzima na kuonyesha memori tele, huku mipaka halisi ikiwa imeandikwa katika faili la memory.max chini ya /sys/fs/cgroup, na programu inauawa kwa kukosa memori mbele ya kipimo kinachosema ipo. Kihesabio cha mtandao chenye biti 32 hujaa kinapofika baiti 4,294,967,296 na kurudi sifuri. Kwenye mkondo wa gigabiti moja kwa sekunde uliojaa hilo hutokea kila baada ya sekunde 34 hivi, kwa hiyo anayekisoma kila dakika tano hupata grafu nzuri isiyo na ukweli wowote, na hana budi kuhamia kihesabio cha biti 64. Mstari wa kwanza wa vmstat ni wastani tangu mashine ilipowashwa, na anayeuchukua kama hali ya sasa hupima mambo yaliyokwisha kupita.

Kwa sababu hiyo desturi ya kutupa ujumbe wa hitilafu kwenye /dev/null ni hatari maradufu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Skripti inayochuja matokeo ya zana kupitia mabomba ya amri, ambamo matokeo ya amri moja huingia katika nyingine, hurudisha hali ya amri ya mwisho, si ya zana. Zana ikifa mwanzoni mwa bomba, mwishoni hutokea maandishi matupu, na matupu hayo yakilinganishwa na kikomo husomeka kama sifuri. Sifuri ni chini ya kikomo, basi taa inabaki kijani. Hiari ya pipefail, inayolifanya bomba zima lihesabiwe limeshindwa amri yoyote ndani yake ikishindwa, na ambayo POSIX, kiwango cha pamoja cha mifumo ya Unix, imeipokea rasmi katika toleo la mwaka 2024, huzuia sehemu ya balaa hilo. Zaidi ya hapo, waliobuni programu za ukaguzi za Nagios, mfumo wa kufuatilia seva, waliweka hali nne, si tatu: 0 ni salama, 1 ni onyo, 2 ni hatari, na 3 ni haijulikani. Hiyo ya nne ndiyo yenye heshima kubwa kuliko zote machoni pangu, kwa kuwa inamruhusu mpimaji kukiri kwamba hakuona. Skripti yoyote isiyo na njia ya kusema sijui italazimika siku moja kusema uongo.

Ninaiomba idara yako ya teknolojia ifanye mambo machache. Inapochapisha swali la msomaji, ichapishe ujumbe wa hitilafu neno kwa neno, bila kufupisha, pamoja na jina la mfumo, toleo la kerneli, jina la mtumiaji aliyeendesha amri na mahali alipoiendeshea, kama ni terminali, cron au kontena. Bila hayo hakuna jibu la haki linaloweza kutolewa. Inapojibu, itaje faili au mlango ambao zana ilikuwa ikisoma, ili msomaji mwingine mwenye tatizo la jirani aweze kujisaidia.

Aidha naomba jibu moja lirekebishwe kwa haraka. Msomaji aliyesema sar inamlalamikia kwamba haiwezi kufungua faili la siku hiyo aliambiwa aunyamazishe ujumbe huo. Ujumbe huo humaanisha, mara nyingi, kwamba ukusanyaji wa takwimu haujawashwa: kwenye Debian na jamaa zake hukaguliwa mstari wa ENABLED katika /etc/default/sysstat, na kwenye mifumo yenye systemd, programu inayosimamia huduma za mfumo, huwashwa huduma ya sysstat, kisha takwimu huandikwa kila baada ya dakika 10. Kama mafaili yapo lakini yaliandikwa na toleo la zamani, sadf -c huyageuza yasomeke. Lakini kama ukusanyaji ulikuwa umezimwa, siku zilizopita hazina faili na hakuna amri itakayolileta. Msomaji huyo, kama bado anafuata jibu alilopewa, anaendelea kupoteza takwimu za seva yake hadi leo, na angependa kulijua hilo kabla ya siku atakayoulizwa mashine ilikuwaje usiku wa jana.

Wako mwaminifu,
Msimamizi wa mifumo ya kompyuta